Kadi Imeandikwa "Haiwaki"

Siku ya 1

Chensoo yangu, msumeno wa injini, ni ya cc 50, nimekaa nayo miaka 11, na leo imeshikwa na kichaa katikati ya gogo. Nimeachia triga, badala ya kutulia ikapanda resi yenyewe, mnyororo ukawa unazunguka tu. Nikasukuma breki ya mnyororo mbele, nikazima. Baada ya dakika kumi nikaiwasha, ikanguruma vizuri, nikaibana ikakata moto.

Naandika dalili zote hapa kabla sijazisahau, maana fundi yeyote wa kweli atazitaka. Ikiwa baridi ni malaika. Ikishapata joto, silensa (mwendo wa injini bila kubana triga) inapanda na kushuka kama mtu anayehema. Nikiachia triga, resi inachelewa kushuka. Nikiizima ikiwa moto, kuiwasha tena ni kazi ya kuvuta kamba mpaka bega lilie.

Hili si la kuvumilia. Klachi ya chensoo hushika yenyewe injini inapozidi kasi fulani, kwa hiyo resi ikipanda bila kuagizwa, meno yanatembea upende usipende. Mashine ya namna hiyo huishushi karibu na goti lako.

Siku ya 2

Nimeipeleka duka la wakala, palepale nilikoinunua. Ningeweza kuifungua mwenyewe, lakini nilijiambia wao wana vifaa, wana vitabu, wana mafundi waliosomea mashine hizi. Kijana wa kaunta ni mpole, hilo nampa. Nikamweleza dalili zote kwa mpangilio niliouandika jana. Akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu kwenye kadi, akaifunga kwa waya kwenye mpini. Wiki mbili, akasema.

Nimefika mlangoni nikageuka kuisoma kadi. Imeandikwa neno moja: "Haiwaki."

"Kaka, hii inawaka. Shida yake haitulii."

"Usijali mzee, fundi ataelewa."

Siku ya 16

Bado.

Siku ya 23

Nimepiga simu. Spea hazijafika. Spea gani? "Ngoja nikuulizie." Simu ikawekwa mezani, nikasikia kompresa na vicheko kwa dakika nne nzima, kisha ikakatika. Nimepiga tena mara mbili, haikupokelewa.

Siku ya 31

Nimekwenda mwenyewe. Hukumu imetoka: injini imenoki, silinda imekwanguka, haifai kutengenezwa. Kijana alikuwa ameshaishusha mpya kutoka rafuni, imelala pembeni inang'aa, na karatasi ya mkopo iko tayari.

Nikaomba nione pistoni. "Tumeshaifunga." Nikaomba namba ya kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. "Tulivuta kamba tukaisikia ni laini." Sikio la fundi ni kitu kikubwa, sibishi, lakini kuna geji ya kupimia kompresheni, na inatoa namba isiyotegemea nani kaamkaje. Nikalipa ada ya uchunguzi, nikabeba mzigo wangu. Kadi ilikuwa bado imefungwa pale pale.

Nyumbani nikaiweka mezani nikaitazama kabla ya kushika sipana. Bolti za eksosi zilikuwa zimefunikwa na masizi na vumbi la mbao lililogandishwa na oili, tabaka moja zima, halina mkwaruzo hata wa kucha. Kichwa cha plagi nacho kilikuwa na vumbi lake lile lile. Ili uone silinda imekwanguka kwa kawaida unafungua kimojawapo kati ya hivyo viwili. Kwa hiyo waliiona silinda kwa ndoto.

Hapa nilikasirika kweli. Kukosea ni kwa kila fundi, na mimi nimekosea zaidi ya wengi. Lakini hapo sikuletewa kosa, nililipishwa kwa kazi ambayo haikufanyika.

Siku ya 32

Nimefungua eksosi. Bolti mbili, gasketi, na tundu la kutolea moshi linakuonyesha ubavu wa pistoni kama dirishani. Ukivuta kamba taratibu, inapanda na kushuka mbele ya macho yako. Tochi tu.

Anayetaka kujua kama chensoo yake imenoki aanzie hapo. Mikwaruzo mirefu ya wima upande wa eksosi mara nyingi ni ya injini iliyokosa mafuta: mchanganyiko ulikuwa mwembamba (hewa nyingi, mafuta machache), au oili ilisahauliwa. Mikwaruzo upande wa kabureta, yenye rangi ya kijivu iliyofifia, mara nyingi ni vumbi lililopita kwenye filta ya hewa. Pistoni yangu bado ina mistari myembamba ya mashine iliyoichonga kiwandani. Upande wa eksosi kuna vijistari viwili vitatu ambavyo ukucha hauvihisi.

Kompresheni ikiwa baridi, nikavuta kamba mpaka mshale ukagoma kupanda: psi 145, karibu bar 10. Hiyo ni injini yenye afya. (Geji yenyewe iwe na vali yake kwenye ncha inayoingia silinda. Kama vali iko mbali juu kwenye geji, hewa iliyomo ndani ya mpira inahesabika kuwa sehemu ya silinda, na kwenye injini ndogo namba itakudanganya iko chini.)

Kichujio cha cheche ndani ya eksosi kilikuwa kimeziba nusu. Nimekisugua kwa brashi ya waya.

Siku ya 35

Gereji ya pili, ya mashine ndogo: jenereta, mashine za kukatia nyasi, pampu za maji. Fundi mwenyewe ndiye mwenye gereji, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, na aliiwasha mbele yangu. Nikafurahi. Alipoisikia tu akasema, "Kabureta."

Nikamwambia nadhani kuna mahali inaiba hewa. Akatabasamu kama unavyomtabasamia mgonjwa aliyekuja na ugonjwa wake kutoka intaneti.

Siku ya 38

Imetoka. Plagi mpya, kabureta mpya isiyo na jina wala namba. Inawaka kwa mvuto mmoja, inakata. Inatoa moshi mwepesi wa bluu, na plagi nilipoichomoa ilikuwa nyeusi na imelowa. Nikaona skrubu ya H, ya mafuta ya kasi kubwa, imefunguliwa mno. Inaonekana ameinywesha mafuta mengi ili kuficha kitu.

Nikaomba kabureta yangu ya zamani. Imetupwa. Ile ilikuwa ya kiwandani, ilihitaji labda utando mpya wa mpira na sindano, seti inayokaa kwenye bahasha ndogo. Nimejifunza kusema kabla ya kazi, na kuiandika kwenye kadi kwa mkono wangu: kila kinachotolewa nirudishiwe, hata kama ni kibovu.

Siku ya 41

Kichaa kimerudi. Tangi la pili, injini ikishapata joto, resi juu.

Siku ya 42

Nimeirudisha. Swali la kwanza la fundi: "Umeweka mafuta gani?" Nikakunja uso, maana hili ndilo swali la kukwepea dhamana. Kisha nikakumbuka galoni langu.

Ukweli niuandike: petroli ile nilikuwa nimeichanganya zaidi ya miezi mitatu nyuma. Watengenezaji wengi wanakuambia mchanganyiko usikae zaidi ya mwezi mmoja hivi, na petroli yenye ethanoli inavuta unyevu na kuharibu mipira ya ndani. Alikuwa na haki ya kuuliza. Nikamwaga yote, nikachanganya upya mbele yake, 50 kwa 1, mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, nikaijaza, tukaiwasha tukaiacha ipate joto.

Resi juu vilevile.

Hapo akakuna kichwa na kusema neno ambalo nadhani kila gereji inalo tayari: "Hizi mashine za siku hizi." Yangu ina miaka 11.

Simchukii. Nimefikiria sana jambo hili usiku. Kupima injini kama inavuja hewa kunachukua saa moja na zaidi, na mwisho wa saa hiyo huna kitu cha kumkabidhi mteja ila habari. Mteja hataki kulipia habari. Kubadilisha kabureta kunachukua nusu saa na kuna kitu kipya kinachoonekana. Sisi wenyewe ndio tuliowafundisha hivyo. Ila wakala wa kwanza hana utetezi huo, kwa sababu nililipa ada ya kuchunguza, na vumbi la bolti likanipa majibu.

Siku ya 44

Niko peke yangu sasa. Jinsi ninavyouelewa ugonjwa: katika injini hii ya tu-stroku, tumbo la injini, pale kranki inapozunguka, ndilo linalovuta hewa na mafuta kupitia kabureta. Tumbo hilo linatakiwa lisivuje kabisa. Kukiwa na tundu popote, kwenye mpira unaounganisha kabureta na silinda, kwenye gasketi, kwenye oili sili za kranki (mipira inayoziba kuzunguka shafti), hewa inaingia bila kupita kabureta. Mchanganyiko unakuwa mwembamba, resi inapanda. Na hakuna skrubu ya kabureta inayoweza kuizuia hewa isiyopita kwake.

Kibaya zaidi ni kwamba oili ya kulainisha injini inakuja ndani ya petroli. Mafuta yakipungua, oili imepungua. Ningeendelea kuitumia hivi, hukumu ya wakala ingetimia: ingenoki kweli.

Siku ya 46

Kaunta ya spea, duka la tatu. Nimeulizia oili sili za kranki.

"Ya rangi gani?"

"Oili sili?"

"Mashine."

Nikampa namba ya modeli na namba ya mfululizo iliyogongwa kwenye bodi. Akatafuta kwenye kompyuta, akasema oili sili haziuzwi peke yake, inauzwa nusu nzima ya injini. Nikamwomba ageuze kioo tuone mchoro pamoja. Oili sili zipo kwenye mchoro, kila moja na namba yake. Akasema hiyo namba ni ya kuonyesha tu.

Kwa kuwa nilikuwa pale nikanunua mnyororo mpya. Niliomba .325 (nafasi ya viungo, kwa inchi), unene wa milimita 1.5, viungo 66. Nimefika nyumbani umeingia kwenye baa, ule upanga unaobeba mnyororo, kirahisi mno, unalala kushoto na kulia kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Kipimo kikasema 1.3. Mnyororo mwembamba kwenye mfereji mpana unaingia bila ubishi, ndiyo maana wengi hawagundui. Wanagundua wakiona mashine inakata pinde. Ungekuwa 1.6 ungekataa kuingia na ningejua palepale. Hawakuurudisha, kwa sababu pakiti ilikuwa imefunguliwa. Ungejuaje kilichomo bila kuifungua?

Siku ya 47

Nimeamua kuutumia mnyororo wa zamani, nikautazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu utoke kwa wakala. Wao huwa wananoa bure kila mashine inayoingia, na ukarimu huo nimeuona leo. Meno yana bluu kwenye ncha. Jiwe la mashine lilikandamizwa mpaka chuma kikaungua, na mahali palipoungua pamekuwa pagumu hadi tupa inateleza juu yake badala ya kula.

Tena meno ya kushoto yamebaki mafupi kuliko ya kulia. Mnyororo huu wa meno yanayopokezana, moja la kushoto na moja la kulia, ulitokana na mkata miti wa Marekani aitwaye Joseph Cox, ambaye mwaka 1946 alimtazama buu wa mdudu wa mbao akitafuna gogo huku na huku kwa taya zake. Uzuri wote wa buu yule ni kwamba taya zake mbili zililingana. Ukifupisha upande mmoja, msumeno unazunguka kuelekea upande wenye nguvu na kukuchimbia shimo la duara.

Nimetumia asubuhi nzima na tupa ya mviringo ya milimita 4.8, nikirudisha meno ya kulia yafuate mafupi ya kushoto. Kisha vidhibiti vya kina, vinavyoamua jino lile mbao kiasi gani, nikavishusha kwa tupa bapa hadi milimita 0.65 chini ya ncha ya jino. Nusu ya mnyororo imeishia kuwa vumbi la chuma kwenye magoti yangu.

Siku ya 52

Siku ya kupima. Nimekata vipande viwili vya mpira kutoka tyubu ya baiskeli, kimoja nikaziba tundu la eksosi na kingine tundu la kabureta. Plagi iko mahali pake. Kuna kijibomba kinachotoka tumbo la injini kwenda kabureta kwa ajili ya kusukuma pampu ya mafuta, hapo ndipo nikachomeka pampu yangu: ile puto ya mashine ya kupimia presha ya damu pamoja na geji yake. Vitabu vya ufundi hutaka kama bar 0.5. Geji ya presha inaishia 300, ambayo ni bar 0.4, lakini kwa kutafuta tundu inatosha.

Nikapuliza hadi 250. Mshale ukasimama. Dakika moja, mbili, tatu. Nikapaka maji ya sabuni kila kona. Hakuna hata povu moja.

Nilikaa chini. Siku 52, kumbe kabureta? Kumbe fundi wa pili alikuwa sahihi na mimi ndiye mgonjwa wa intaneti?

Siku ya 53

Usingizini nimekumbuka umbo la oili sili. Mdomo wake unaelekea ndani. Ukipuliza kutoka ndani, hewa yenyewe inaubana mdomo kwenye shafti. Ukinyonya, hewa ya nje inaunyanyua. Sili iliyochoka inaweza kushinda mtihani wa kupuliza na kuanguka wa kunyonya, na injini hufanya yote mawili kila mzunguko.

Nimeazima pampu ya mkono ya kunyonya, ile ya kutolea hewa kwenye breki za gari. Nikanyonya. Mshale ukaanza kurudi kabla sijaachia mkono. Nikadondosha tone la oili kwenye sili ya upande wa klachi: mshale unaendelea kurudi. Nikadondosha upande wa flaiwili, gurudumu zito la injini: mshale ukasimama, tone likanyonywa ndani taratibu, kisha ukaanza kurudi tena.

Nimepiga ukelele hadi mbwa amebweka.

Siku ya 55

Kutoa flaiwili kumenichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine zote. Nati moja tu, lakini flaiwili imekaa kwenye shafti yenye mteremko na haitoki kwa kubembelezwa. Sitaandika nilivyofanya kabla ya kupata kifaa sahihi cha kuing'olea. Nitaandika tu kwamba kupenyeza bisibisi chini ya flaiwili kunavunja mapezi ya kupoza, na pezi moja limevunjika.

Sili imetoka. Mpira umekauka kama ngozi ya ngoma. Juu yake vimechapwa vipimo vitatu: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene.

Siku ya 57

Duka la beringi. Hawauzi chensoo na hawajui lolote juu ya chensoo. Mama wa kaunta akapokea sili, akasoma zile namba, akanitazama juu ya miwani.

"Inakutana na mafuta gani?"

"Petroli, na oili kidogo."

"Inazunguka kasi gani?"

"Hata 13,000 kwa dakika."

"Joto?"

Nilikaribia kumkumbatia. Wiki nane, maduka manne, na huyu ndiye wa kwanza kuniuliza swali na kusubiri jibu. Akapiga hesabu kwenye kikokotoo: shafti ya milimita 15 kwa kasi ile, ukingo wake unapita kwenye mdomo wa sili kama mita 10 kila sekunde. Akarudisha sili nyeusi ya kawaida kwenye droo na kutoa ya rangi ya kahawia. Ya kawaida ni ya nitrile, akasema, kwa petroli, joto na kasi hiyo itakaa lakini haitakaa sana. Hii ni FKM, mpira unaovumilia zaidi. Nikachukua mbili, ya flaiwili na ya klachi.

Siku ya 58

Sili zote mbili zimeingia, nimepaka oili kwenye midomo na kuzisukuma kwa soketi yenye kipenyo kinacholingana. Nikanyonya tena kabla ya kurudisha kitu kingine chochote. Mshale umesimama dakika tano.

Koili, inayotoa umeme wa cheche, nimeiacha milimita 0.3 kutoka kwenye sumaku ya flaiwili, kwa kipande cha kadi ngumu. Kadi niliyoikata ni ile ya "Haiwaki." Ilikuwa na unene unaofaa.

Siku ya 60

Imewaka kwa mvuto wa tatu. Nimeiacha ipate joto kabisa kabla ya kugusa skrubu, kwanza L (ya mafuta ya kasi ndogo), kisha ya silensa, mwisho H, huku takometa, kipima resi, ikisoma. Silensa 2,700, mnyororo umetulia kimya. Nimefunga H kidogo kidogo mpaka 13,000 na kurudi nyuma kidogo, kitabu cha mashine yangu kinaruhusu 13,500 lakini kwa kabureta hii nisiyoijua nimeiachia nafasi. Nikiachia triga inashuka papo hapo.

Matangi mawili mfululizo kwenye lile gogo la siku ya kwanza. Plagi imetoka na rangi ya kahawia iliyoiva.

Siku ya 66

Simu kutoka kwa wakala wa kwanza. Spea yangu imefika, niende kuichukua.

"Spea gani?"

Kimya, karatasi zinafunuliwa. "Hapa imeandikwa tu haiwaki."

Nikamwambia mashine ninayo nyumbani tangu mwezi uliopita na inakata. Akaniuliza kama bado nahitaji spea. Nikamuuliza tena ni spea gani. Akasema ataulizia. Safari hii simu niliikata mimi.

Siku ya 71

Kabureta mpya imeanza kuvuja petroli usiku ikiwa imelala ubavu. Naagiza seti ya sindano na utando, ingawa sina hakika seti ipi inaingia kwenye kabureta isiyo na namba. Kesho nitaanza kwa kuifungua na kupima vipenyo, kisha nitampelekea mama wa beringi.